Mwezi kwanza, tiketi baadaye: siku ya pomboo Shimoni kwa wasiojua kuogelea

Swali la msomaji: "Shikamoo nahodha. Mimi ni wa hapa Nairobi, Donholm. Nataka kumpeleka mama yangu baharini. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tutakuwa na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Tunatamani kuona pomboo, na Mungu akijalia nyangumi. Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Tulipanga likizo ya Agosti: treni ya usiku, boti asubuhi, kurudi Nairobi jioni hiyohiyo. Sitaki mbio, nataka siku ya kutulia. Twende wapi, tupande boti gani, na je, tununue darubini? Mama Zawadi."

Marahaba, Mama Zawadi, na umpe mama salamu zangu.

Nianze na ratiba, maana hiyo ndiyo itakayokuharibia siku kabla hujaiona bahari. Unasema hutaki mbio, halafu unanipa safari ya mtu anayedaiwa. Treni ya usiku kwa kawaida huondoka stesheni ya Syokimau saa nne na kufika Miritini, Mombasa, kabla ya alfajiri. Mama atakuwa amelala ameketi, shingo imekauka. Kutoka Miritini mtapita Dongo Kundu, na hilo ni jema kwa kuwa linawaepusha na foleni ya feri ya Likoni, lakini bado kuna saa mbili na ushei za barabara: Ukunda, Msambweni, Ramisi, kisha mnakata kushoto pale Kanana kushuka Shimoni, kusini mwa pwani yetu. Mkifika mnapanda boti, mnatapika, mnapiga picha, mnakimbilia treni ya kurudi. Nilipeleka wageni baharini miaka kumi na mmoja kabla sijahamia Nairobi, na watu wa safari hiyo nawajua kwa sura. Wakishuka botini swali lao la kwanza ni saa ngapi.

Chukueni treni ya saa mbili asubuhi. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na siku za likizo tiketi huisha mapema, kwa hiyo usingoje. Mkipita Tsavo mkalishe mama dirishani. Ndovu wa kule ni wekundu kwa vumbi lao, na mara nyingi huonekana kutoka kwenye kiti. Mtafika Pwani mchana, mlale Shimoni au Diani usiku wa kwanza, na asubuhi inayofuata mwingie baharini mkiwa na miili iliyopumzika.

Sasa Agosti. Agosti ni kusi. Huo ndio upepo wa kusini-mashariki unaovuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, na makali yake ni Juni, Julai na Agosti. Shimoni ina hila moja. Mkiwa ndani ya mkondo kati ya bara na kisiwa cha Wasini, kisiwa kinakinga, maji yanalala kama uji. Wageni huanza kucheka na kuvua majaketi. Boti ikishapita ncha ya kisiwa kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite, kule ambako hakuna cha kukinga, wimbi la kusi linawapiga ubavuni, na kicheko kinaisha. Kijana wa miaka 25 atalipenda. Mama mwenye magoti mabovu atashika ukingo wa boti saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

Ila nakuelewa, maana Agosti ndiyo ya nyangumi. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya Antaktika kuja maji yetu ya joto kuzaa na kupandana, na huonekana pwani ya Kenya hasa Julai hadi Oktoba. Mtu mzima ana urefu wa mita 15 hivi. Mtoto huzaliwa na mafuta kidogo mwilini, na huenda hiyo ni mojawapo ya sababu za mama kuja kumzalia huku kwenye joto. Lakini chakula chao hakiko huku, kiko kule kwenye barafu. Kwa hiyo mama hunyonyesha kwa miezi akila akiba ya mwili wake. Boti ikimfukuza ili mtu apate video, mbio zile anazilipia kwa mafuta ambayo yangekuwa maziwa. Hili nalisema mapema kwa sababu nahodha akiona una hamu sana atafikiri amekufurahisha kwa kuongeza moto.

Basi ushauri wangu ni huu: acheni Agosti, nendeni karibu na Sikukuu ya Mashujaa, 20 Oktoba. Kati ya kusi na kaskazi kuna kipindi ambacho watu wa Pwani hukiita demani. Upepo umechoka, maji yanaanza kuwa safi, mvua za vuli bado hazijashika. Nyangumi wa mwisho wanaweza kuwa wangali njiani kurudi kusini. Siahidi nyangumi, na nahodha anayekuahidi muache. Pomboo wako mwaka mzima.

Lakini Mashujaa ya mwaka gani? Hapo ndipo watu wa Nairobi tunapokosea, mimi nikiwa wa kwanza tangu nianze kulipa kodi ya nyumba huku. Tunachagua tarehe kwa likizo na mshahara, ilhali bahari inachagua kwa mwezi, ule wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kukaribia mita nne, na mikondo inavuta kwa nguvu. Mwezi ukiwa nusu, siku moja au mbili baadaye tunapata maji mafu: yanajaa kidogo, yanapwa kidogo, hayana haraka. Na kuna jambo la pili ambalo ni zuri mno kwa mpangaji. Pwani yetu bamvua hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na maji mafu saa hizohizo huwa yamejaa. Kila siku saa inasogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Ukishalijua hilo, unaweza kusimama Donholm usiku, ukautazama mwezi juu ya paa la jirani, na ukajua kama boti ya Shimoni kesho itafika gatini au itabaki mbali.

Kwako wewe, mwenye mama asiyeweza kushuka majini na kutembea juu ya mawe, jibu ni maji mafu. Mashujaa ya 2025 ingekukatalia, kwa kuwa mwezi uliandama 21 Oktoba na tarehe 20 ilikuwa karibu na bamvua. Ya 2026 imekaa vizuri kweli. Inaangukia Jumanne, na mwezi unafika nusu Jumapili tarehe 18. Jumapili na Jumatatu asubuhi maji yatakuwa juu kati ya saa nne na saa tano. Pandeni treni Jumamosi, baharini Jumapili, Jumatatu iwe akiba upepo ukikataa, Jumanne mrudi. Watoto watakosa Jumatatu moja shuleni, hilo utamalizana na mwalimu wa darasa. Siku ya akiba usiiondoe ili kuokoa pesa ya chumba. Bila siku ya akiba utajikuta unamlazimisha nahodha atoke siku ambayo yeye mwenyewe hataki.

Kwa nini nashikilia hili la mwezi? Kwa sababu nilimwaibisha mama mkwe wangu. Alishuka kutoka Nairobi mara yake ya kwanza kuja kutuona, nami nikataka kujionyesha. Sikuhesabu mwezi, nilihesabu siku zake za likizo. Tulivuka kwenda Wasini asubuhi ya bamvua. Boti ikakwama mbali na ufuo, maji yakazidi kutukimbia, na mbele yetu pakabaki mawe ya matumbawe, tope na wale wanyama wa baharini wenye miiba myeusi mirefu. Alivua viatu vyake vya ngozi, akavishika juu ya kichwa kama ndoo, akatembea. Mimi nilimshika mkono mmoja, mvulana wa boti mkono wa pili, hakuna aliyesema neno. Alipofika mchangani aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe kazi yako hasa ni gani?" Yuko hai, namshukuru Mungu, na mpaka leo tukimtembelea huuliza mwezi ni wa ngapi.

Utabiri wa upepo unaupata karibu na nyumbani. Idara ya Hali ya Hewa, makao yake Dagoretti Corner, ndiyo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa ya Pwani. Ziangalie siku mbili kabla ya kuondoka.

Kuhusu mahali, nimeshakupeleka Shimoni bila kukuuliza, na sababu ni mbili. Hifadhi ya Kisite na Mpunguti iko hapo mbele, chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na mikondo inayokizunguka kisiwa cha Wasini ina pomboo wakaazi. Ungeniambia nyangumi ndio roho ya safari, ningekuelekeza Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa 1968, pamoja na ile ya Malindi, za kwanza Kenya. Huko mama angeweza kubaki Mida Creek kwenye mtumbwi katikati ya mikoko, akitazama ndege aina ya kitwitwi waliotoka kaskazini ya mbali, huku ninyi mkipigwa na mawimbi ya nje. Si safari mbaya, ila inaigawa familia, na nadhani wewe unataka mkae boti moja.

Boti. Shimoni utakuta mashua za mbao zenye injini na kivuli cha turubai, na boti za faiba zenye injini za nje, nyepesi na za kasi. Chukua mashua. Ni nzito, haichezichezi, ina mabenchi, na mwendo wake wa polepole ndio mwendo unaoutafuta. Usiilipie ukiwa Nairobi kwa kuona picha tu. Lipa amana kama ni lazima, salio gatini. Kabla mama hajakanyaga bodi, nahodha akuonyeshe leseni na idadi ya abiria anayoruhusiwa, halafu uhesabu vichwa mwenyewe. Kisha omba jaketi okozi, lile wengi tunaliita laifjaketi tu. Usikubali kuambiwa "yapo chini ya benchi, mama." Yatolewe. Mvalishe yule mdogo, funga vifungo vyote, shika mabega ya jaketi uvute juu. Likipanda mpaka masikioni, hilo ni la mtu mzima. Majini mtoto atachomoka chini yake. Kama hakuna la saizi yake, hamna safari, hata kama nahodha ni mjomba wako. Na mlivae njia nzima, jua liwake lisiwake.

Uliza pia bei inabeba nini. Boti, chakula, miwani na mrija, ada ya hifadhi: wengine huhesabu vyote, wengine hutaja boti peke yake na mengine yanakufuata kama kupe. Ada ya KWS inalipwa kwa eCitizen, si taslimu, kwa hiyo imalize nyumbani ambako mtandao una nguvu. Maji ya kunywa yawe kwenye chupa za kudumu. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi, baharini pia.

Kichefuchefu wengi hukileta wenyewe, kwa kupanda na tumbo tupu au tumbo lililojaa. Mahamri mawili na chai ya tangawizi yanatosha. Dawa ya kuzuia inamezwa kabla ya kuondoka, ukishatapika imechelewa; na kama mama anatumia dawa za presha, muulize mfamasia kwanza. Mahali pa kukaa wahenga walishasema bila kukusudia: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo, yaani mbele ya boti, hupanda na kushuka kuliko sehemu nyingine zote. Tezi, yaani nyuma, kuna moshi wa injini. Katikati ndipo pa mama, macho yake yakiwa kwenye mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, si kwenye simu.

Tokeni mapema, saa mbili mkiwa gatini. Asubuhi bahari imelala. Ikifika saa saba au saa nane upepo wa mchana unaichokoza, na hapo mnataka kuwa mmeshakula Wasini.

Sasa niachie nafasi nikueleze pomboo, maana hapa ndipo siku inapoharibika au kupona.

Mwambie nahodha tangu gatini, kwa heshima, kwamba hamtaki kukimbiza. Mwambie tena mkishatoka, mbele ya watoto, ili wawe mashahidi. Boti nyingi hutoka saa zilezile, na mmoja akiona pezi, simu zinalia, na dakika tano baadaye kuna injini sita zinazunguka kundi moja. Nimewahi kuwa injini ya sita, sijivunii. Siku ya namna hiyo unaona migongo inayoondoka, basi. Pomboo hupumzika mchana, nusu ya ubongo ikiwa imelala na nusu macho ili akumbuke kupumua. Ukimzunguka, hapati hata hiyo nusu. Kukiwa tayari na boti mbili, pita, tafuta kwingine.

Njia yangu ni hii. Nahodha akiwaona, asielekeze omo kwao. Aende sambamba nao, mbali kidogo, polepole, kisha aweke injini huru. Halafu mnyamaze. Watoto wa mjini hawajazoea kungoja kitu kisicho na picha ya kuzunguka kwenye skrini, kwa hiyo wape kazi: wafumbe macho wasikilize. Pomboo husikika kabla hajaonekana. Ni pumzi fupi ya nguvu, "pfuh," kama mtu anayepuliza vumbi mezani. Ya kwanza itatoka kulia. Ya pili karibu zaidi, kushoto. Halafu mgongo wa kijivu unapinda, pezi linafuata, na maji yanajifunga juu yake bila kishindo. Mkiwa na bahati nyuma yake itatoka pumzi ndogo, nyepesi, ya mtoto anayepumua kwa haraka kuliko mama yake kwa sababu mapafu yake ni madogo. Mara kadhaa nimewaona wakija wenyewe mpaka ubavuni, wakageuka kwa upande mmoja na kututazama kwa jicho moja. Hilo halijawahi kunitokea nikiwa nawafukuza.

Kuna aina mbili mnazoweza kukutana nazo pale. Wa kawaida ana pua kama chupa na pezi lililopinda vizuri. Wa pili ana nundu mgongoni, pezi dogo limekaa juu ya nundu hiyo, na anapenda maji ya kina kifupi karibu na mwambao. Huyu ni mwoga na ni adimu, yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mkimwona, mwambie Zawadi ahesabu sekunde kati ya pumzi na pumzi, na mbaki hapo mlipo. Msitupe chakula. Msiombe kushuka kuogelea nao, ingawa ninyi msiojua kuogelea sidhani mtaomba!

Angalieni pia ndege. Membe wakikusanyika mahali pamoja na kujitupa majini kama mawe, chini yao kuna samaki wadogo wanaosukumwa juu, na anayewasukuma anaweza kuwa jodari au pomboo. Manahodha wazee huwatazama membe kuliko kioo chochote cha kutafutia samaki.

Kisite kwenyewe msione haya kwamba hamuogelei. Yule wa miaka 12 anaweza kushikilia boya pembeni ya boti na jaketi lake, miwani usoni, uso ndani ya maji, kiongozi akimshika mkono. Hiyo tu inatosha kuona kitatange wa manjano na pono wanaoguguna matumbawe mpaka unasikia mlio. Pono hutafuna mawe na kutoa mchanga, sehemu ya ule mweupe mnaoukanyaga imepitia tumboni mwake. Kama kuna boti yenye sakafu ya kioo siku hiyo, mama atayaona bila kulowa. Baadhi ya matumbawe mtayaona meupe au yamekufa. Joto la maji la 1998 liliua mengi pwani nzima, na joto limerudi zaidi ya mara moja tangu hapo. Kasa akitokea, atachomoza kichwa, avute pumzi, azame. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, msikiinue juu ya maji kwa ajili ya picha, hata mvulana wa boti akiwaletea mkononi kwa ukarimu. Akitolewa majini hawezi kupumua. Kombe na matumbawe yabaki yalipo.

Kisha Wasini, kula. Hapa sina ushauri mrefu: kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi, na mwani ukiwepo uonjeni. Mpe mama kaa aliyekwisha kuvunjwa magamba. Kisiwa hakina magari, na baada ya Nairobi masikio yenu yatahitaji dakika chache kuzoea. Wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita kati ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Mama aende taratibu, na akitaka kukaa chini ya mti na kuzungumza na wenyeji badala ya kutembea, muache. Nimeona wazee wengi wakikumbuka mazungumzo yale kuliko pomboo.

Darubini: usinunue, azima. Ukinunua, chukua inayokuza mara 7 au 8. Ya mara 10 au 12 inafaa Mbuga ya Nairobi ukiwa garini umezima injini. Botini kila mtikisiko unakuzwa pamoja na ndege, na mama ataona bahari ikiruka tu. Na yeyote anayeishika aivae kamba shingoni kwanza. Yangu ya kwanza iko chini ya maji mbele ya kisiwa cha Mpunguti ya Chini.